Kabla ya kukimbilia kemisti, hesabu pumzi za mtoto

Huku Dabaso neno moja limebebeshwa mizigo mingi. Kamasi zikikutoka, una homa. Mwili ukichemka usiku, una homa. Malaria ikikulaza, ni homa pia. Na ukikohoa wiki mbili mfululizo, jirani atakwambia, "Hiyo ni homa tu, itapita." Wazee wa Pwani wenye Kiswahili chao huita kamasi na chafya mafua, na neno homa wanaliacha kwa joto la mwili. Sisi vijana tumekoroga yote kwenye sufuria moja. Tukifika kemisti tunasema "nipe dawa ya homa", naye muuzaji anakisia.

Mimi nilikuwa bingwa wa mambo hayo hadi Februari moja ambayo sitaisahau.

Dadangu alikuwa na mtoto wa wiki kumi. Kakake mtoto, wa miaka minne, akarudi kutoka chekechea na kamasi mbili zinashindana. Baada ya siku tatu alishapona, yuko nje anapiga mpira wa makaratasi. Kisha nikashikwa mimi. Koo linawasha, chafya, kichwa kizito kidogo. Nani atakaa nyumbani kwa sababu ya mafua? Nikaendelea na mishemishe zangu, na kila jioni nikirudi nambeba mpwa wangu, nambusu, namwimbia. Siku chache baadaye mtoto naye akaanza kupiga chafya.

Hawe, yaani nyanya yetu, akasema ni kamasi tu, apanguswe. Mimi nikajifanya anko anayejua mambo. Nikaenda kemisti, nikatoka na chupa ya sharubati ya antibiotiki. Hakuna aliyeniuliza mtoto ana umri gani, wala kutaka karatasi ya daktari. Nililipa, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Usiku wa nne mtoto alikuwa ananyonya mara mbili tatu, anaachia ziwa, anahema. Hakulia sana, na hilo ndilo lililotudanganya. Jirani mmoja, mama aliyewahi kufanya kazi zahanati, aliingia kuazima kiberiti. Akamtazama mtoto, akamfungua nguo kifuani, akaniambia, "Toa simu, washa saa, hesabu." Nilihesabu pumzi 68 kwa dakika moja. Kila akivuta hewa, ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa inaingia ndani kama mfuko unaonyonywa. Tulipanda tuktuk usiku huo huo kwenda Malindi. Alilazwa siku nne, akiwekewa oksijeni.

Daktari alituambia ni virusi. Ile sharubati yangu haikuwa na kazi pale hata tone.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize, maana jambo hili lina historia yake na historia hiyo iko hapa kwetu. Kilifi mjini, kando ya hospitali ya kaunti, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust ambacho kimekuwepo tangu 1989. Kwa miaka mingi wamekuwa wakifuatilia kirusi kinachoitwa RSV. Mara ya kwanza kirusi hicho kilitambuliwa mwaka 1956 huko Marekani, kwa sokwe waliokuwa na mafua, na mwaka uliofuata kikapatikana kwa watoto wa binadamu. Karibu kila mtoto duniani hukipata kabla ya kufikisha miaka miwili. Wewe na mimi tulishakipata, na tutakipata tena na tena. Kwetu sisi watu wazima ni mafua ya kawaida ya siku kadhaa. Kwa mtoto mchanga, vile vijia vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu vinavimba na kujaa makamasi, na pumzi inakuwa kazi ngumu kama kupanda mlima.

Kati ya mwisho wa 2009 na katikati ya 2010, watafiti hao walifuatilia nyumba 47 za vijijini Kilifi, nyumba zenye mtoto mchanga na watoto wengine. Mara mbili kwa wiki walichukua vipimo vya pua vya kila mtu, mgonjwa na asiye mgonjwa. Walitaka kujua kirusi kinapitia mlango gani hadi kumfikia mtoto mchanga. Mara nyingi kiliingia na watoto wakubwa wa nyumba ile ile, hasa wale wa shule. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule wa mpira wa makaratasi. Kisha nikajikumbuka mimi mwenyewe na mabusu yangu.

Basi tuanze na kutofautisha, kwa sababu bila hapo utatibu kisichokuwepo.

Mafua ya kawaida huja polepole. Koo linawasha, chafya, kamasi jepesi ambalo baada ya siku mbili tatu linakuwa zito na la njano au kijani. Rangi hiyo huwatisha watu na kuwakimbiza kemisti, lakini kamasi la kijani peke yake halimaanishi bakteria wameingia. Ni mwili unapigana. Siku saba hadi kumi mambo yametulia, ingawa kikohozi kinaweza kukung'ang'ania hadi wiki tatu. Kuna virusi zaidi ya mia vinavyoleta mafua, ndiyo maana ukipona leo mwezi ujao unaweza kushikwa tena na usiwe umelogwa na mtu.

Influenza ni ndugu yake mkorofi. Hii haibishi hodi. Asubuhi uko sawa, jioni umelala, joto kali, viungo vinauma, kichwa kinagonga, hata kushika simu ni kazi. Ukiweza kuniambia saa uliyoanza kuumwa, nitashuku influenza kabla ya mafua. Korona nayo, ambayo Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, bado ipo inazunguka. Kwa macho huwezi kuitenga na hizo nyingine. Kinachobadilisha mambo ni hali ya pumzi, na umri na afya ya mgonjwa.

Halafu kuna malaria, na hapa Pwani ukiisahau utalia. Malaria haileti kamasi, lakini mtoto anaweza kuwa na mafua na malaria kwa wakati mmoja, na mtoto mwenye malaria anaweza kukohoa. Kwa hiyo ukiona kamasi usijiambie "aah, ni mafua tu" huku mtoto anachemka. Joto la mwili ni tiketi ya kwenda kupimwa, siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi ukichelewa sana. Kile kipimo cha tone la damu ya kidole hutoa majibu kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu mara tatu. Na ikiwa ni joto kali, maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, labda upele, na hakuna kamasi kabisa, fikiria pia dengi, ambayo iliwahi kulipuka Mombasa mwaka 2013 na tena 2017. Mpaka ujue si dengi, usimeze aspirini wala brufeni, maana zinaweza kuchochea kutokwa na damu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi.

Sasa kuhesabu pumzi. Hili ndilo jambo moja ningeomba ulibebe hata ukisahau mengine yote, na halikugharimu shilingi.

Subiri mtoto atulie. Asiwe analia, asiwe ananyonya. Akiwa amelala ni bora zaidi. Mfungue nguo uone tumbo na kifua. Washa saa ya simu na uhesabu kila tumbo linapoinuka, kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa vipindi, mara haraka mara taratibu, na utadanganyika. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60 au zaidi, hiyo ni haraka mno. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, mpaka wake ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Ukipata namba kubwa, tulia, hesabu mara ya pili. Ikibaki juu, toka nyumbani.

Ukiwa bado umemfungua nguo, angalia kifua. Akivuta hewa, je, chini ya mbavu panaingia ndani? Tundu za pua zinapanuka kila pumzi? Anaguna? Kwa watoto wetu weusi usitegemee ngozi kukuonyesha upungufu wa hewa. Mfungue mdomo uangalie ulimi na fizi. Zikiwa za kijivu au bluu, hakuna cha kusubiri tuktuk ya bei nafuu. Vivyo hivyo mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au anayelegea mpaka ukimwita hakujibu kwa macho. Na nepi ikikaa kavu saa sita hadi nane, mwili umeanza kukauka.

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto mwilini haangaliwi nyumbani. Hata kama ananyonya vizuri. Hata kama hawe ameshasema ni meno.

Jambo lingine nililojifunza ni kwamba ugonjwa huu una ratiba. Kwa watoto wachanga siku mbaya huwa ni ya tatu hadi ya tano. Kwa hiyo mtoto aliyeonekana sawa siku ya pili hajamaliza mtihani. Mhesabu asubuhi na mhesabu usiku, mpaka aanze kunyonya kama zamani.

Wengi wao, na sisi wakubwa karibu wote, tutapona hapa hapa nyumbani. Matibabu yenyewe hayana mbwembwe. Maji, uji mwepesi, supu, madafu kama yapo, kidogo kidogo mara nyingi. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe zaidi, kwa vipindi vifupi, kwa sababu pua iliyoziba inamchosha. Mama mwenye mafua asiache kunyonyesha hata kidogo, maana maziwa yake yanabeba kinga. Anawe mikono kwa sabuni, ajifunge leso au barakoa mdomoni, aendelee.

Pua ya mtoto izibuliwe kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe, chukua kikombe kimoja na robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Tone moja au mawili kila tundu, kabla ya kunyonya, kisha pangusa kwa kitambaa safi. Yale mafuta makali ya kuchua kifua, ya kwenye kopo la bluu, usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili, na puani usimtie mtu yeyote.

Kikohozi? Asali. Kijiko kidogo kabla ya kulala kinatuliza kweli, na sisi tulio karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke hatuna shida ya kuipata. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyopoozesha mwili wa mtoto mchanga. Zile sharubati za kikohozi za kila rangi, kwa watoto wadogo ni hasara ya pesa, na nyingine zinawasinzisha mpaka hujui kama amelala au amelegea.

Parasetamoli ni ya kupunguza joto na maumivu, haiui kirusi. Mtu mzima: vidonge viwili vya miligramu 500, mkipishana saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Na soma pakiti, kwa maana vidonge vingi vya mafua vyenye majina ya kuvutia tayari vina parasetamoli ndani. Ukimeza hivyo na juu yake parasetamoli, ini lako ndilo litakalolipa. Kwa mtoto kinachopimwa ni uzito. Wa kilo 8, kwa mfano, hupata miligramu 80 hadi 120 kwa mara moja, si zaidi ya mara nne kwa siku. Aspirini isimguse mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16.

Najua kuna anayesubiri nifike kwa kujifukiza. Mwarobaini, ambao Pwani wengine tunauita mkilifi, majani ya mkaratusi, malimau, shuka juu ya kichwa. Mwaka 2020 hakuna nyumba ambayo haikufukiza. Sikatai, mvuke unafungua pua na unakupa raha ya nusu saa. Hauui kirusi, basi. Wewe mtu mzima ukitaka, jifukize na uangalie usoni usiungue. Ila mtoto kumwingiza ndani ya shuka moja na sufuria la maji yanayotokota, hapo mimi nasema hapana. Mafua yangempita kwa wiki, kovu la kuungua atazeeka nalo.

Turudi kwa antibiotiki, maana najua tabia zetu. Vile vidonge vya rangi mbili tunavifahamu kwa rangi kuliko kwa jina. Tunanunua vinne kwa sababu pesa ni ya vinne, tunameza siku mbili, tunabakiza kwa ajili ya jirani. Kwa sheria dawa hizo hutolewa kwa karatasi ya daktari. Mtaani unajua hali ilivyo. Zinaua bakteria, na virusi hazivigusi. Ukizimeza kwa mafua unapata kuhara bure, na bakteria walioko mwilini mwako wanajifunza kuzizoea, hivyo siku utakapopata nimonia ya kweli dawa itakuwa kama maji. Ukienda kemisti, badilisha swali. Usiseme "nipe dawa ya homa." Sema umri, uzito, siku ngapi, pumzi ngapi kwa dakika, kisha uliza kama kuna haja ya dawa yoyote. Utashangaa mara ngapi mwenye kemisti mwaminifu atakwambia nenda ukanywe maji.

Kuna watu ambao mafua yao hayafai kusubiriwa. Wajawazito, maana influenza huwashika vibaya. Wazee. Wenye pumu, kisukari, au virusi vya Ukimwi. Na watoto wenye seli mundu, ambao Kilifi hatuwakosi. Wakipata joto la mwili ni hospitali moja kwa moja. Kwa mtu mzima wa kawaida, anza kuwa na wasiwasi pumzi ikikata ukitembea hatua chache, kifua kikiuma, ukichanganyikiwa, joto likizidi siku tatu, au ukipata nafuu halafu ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo nimonia ya bakteria ikiingia kwa mlango wa nyuma, na hapo antibiotiki zina kazi.

Kikohozi kikifika wiki mbili, kapimwe kifua kikuu. Kwenye hospitali za serikali kipimo na dawa zake ni bure. Jasho la usiku na kupungua mwili usisingizie kazi ya boda.

Kuhusu kumkinga mtoto, najua ushauri wa "jitenge chumbani kwako" unachekesha mahali ambapo chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja. Nyumbani kwetu tulifanya tulichoweza. Kibuyu chirizi na sabuni mlangoni, na mtoto wa chekechea hagusi mdogo wake kabla ya kunawa. Mwenye mafua analala upande wa mbali na mtoto na hambusu usoni mpaka apone. Madirisha yanafunguliwa mchana. Jiko la kuni likahamishiwa nje, na dawa ya mbu ya kuchoma tukaiacha, tunatumia neti, kwa sababu moshi unachosha mapafu ambayo tayari yanahangaika. Chanjo za kliniki zisikosekane pia. Ile ya nimonia, ambayo Kenya ilianza kuitoa 2011, haizuii RSV, lakini inafunga njia moja kubwa ya bakteria. Kwa RSV yenyewe, mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zote zianze kuwachanja wajawazito au kuwapa watoto wachanga kingamwili ya sindano. Dada yako akiwa mjamzito, mwambie aulize kliniki.

Na usiku ule ukifika, ukaamua kutoka, mambo machache ya kubeba: kitabu cha kliniki, ile chupa ya dawa uliyokwisha kumpa hata kama unaona aibu, na namba zako zimeandikwa. Pumzi ngapi, saa ngapi. Alinyonya mara ya mwisho lini. Kojo la mwisho lini. Leo ni siku ya ngapi tangu chafya ya kwanza. Njiani mbebe akiwa wima kifuani kwako, usimfunike uso kwa leso kwa kuogopa upepo. Mimi nilimfunika mpwa wangu kuanzia Gede, na yule jirani akaivuta leso bila kusema neno.